Simba Kasarani, paka Kigali: Shida ya Thunder ni ligi isiyo na ugenini

Mabingwa wa kikapu Kenya, Nairobi City Thunder, wana sura mbili.

Sura ya kwanza ni ya Nairobi. Mwaka wa 2024 walibeba taji la Ligi Kuu ya KBF bila kupoteza hata mechi moja. Mwisho wa mwaka huo huo, ndani ya ukumbi wa Kasarani na mashabiki wao wakipiga kelele nyuma ya benchi, wakakata tiketi ya Basketball Africa League, ile tunayoiita BAL. Hakuna klabu nyingine ya Kenya iliyokuwa imefika huko kabla yao.

Sura ya pili ni ya Kigali, Mei 2025. Mechi yao ya kwanza na APR ya Rwanda iliisha 92-63. Hiyo ni tofauti ya pointi 29, si kuteleza, ni kuporomoka. Mechi za kundi la Nile zikaisha, wengine wakafunga mizigo kwenda Pretoria kwa mchujo, Thunder wakapanda ndege ya kurudi nyumbani.

Simba Kasarani, paka Kigali. Tulisema sana wakati ule. Kuna aliyelaumu marefa. Kuna aliyesema wachezaji walibanwa na presha. Kuna aliyesema kocha alipanga vibaya. Na kuna wale wa kila siku: "Wakenya hatujui kucheza nje."

Mimi nadhani hiyo ya mwisho iko karibu na ukweli, lakini tunaisema vibaya. Hatujui kucheza nje kwa sababu ligi yetu wenyewe karibu haina "nje". Na hilo mtu wa Nairobi anaweza kukosa kuliona. Mtu wa huku Bura analiona mchana kweupe.

Tuanze na visingizio

Kabla ya kumlaumu mtu, tuondoe mezani mambo ambayo si sababu.

Umbali? Nairobi hadi Kigali ni kama saa moja na nusu kwa ndege. Kuna watu wanakaa muda mrefu kuliko huo kwa jam ya Thika Road. Hali ya hewa? Miji yote miwili iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo mapafu ya mchezaji wa Nairobi hayapati mshtuko wowote Kigali. Saa? Tofauti ni saa moja tu. Lugha? Kigali Kiswahili kinakubeba bila shida.

Basi ni mashabiki? Hapo pana kitu. BK Arena inaingiza watu kama 10,000, na APR ni timu ya jeshi yenye wafuasi wa kutosha. Ukumbi ukijaa, refa naye ni binadamu. Wachumi na waandishi wa Marekani waliochambua suala hili wamesema wazi kwamba sehemu kubwa ya faida ya nyumbani hutoka kwa refa anayeathiriwa na kelele bila hata kujua.

Lakini angalia NBA. Miaka ya 1980 timu ya nyumbani ilikuwa ikishinda zaidi ya mechi 6 kati ya 10. Misimu ya karibuni imeshuka hadi kama mechi 54 au 55 kati ya 100. Mashabiki bado wapo na kelele bado zipo. Kilichobadilika ni kwamba timu zinasafiri kwa ndege zao, zinalala vizuri, ratiba imepunguza mechi za siku mbili mfululizo, na refa anarudia picha kwa skrini. Yaani ukimtunza mgeni vizuri, ugenini unapungua makali. Haukuwa uchawi tangu mwanzo.

Na kama bado unadhani ugenini ni laana, nakupa hesabu ya BAL yenyewe. Tangu ianze mwaka wa 2021 hadi 2025, ubingwa umekwenda Zamalek ya Misri, US Monastir ya Tunisia, Al Ahly ya Misri, Petro de Luanda ya Angola na Al Ahli Tripoli ya Libya. Fainali nne za kwanza zilichezwa Kigali, ya tano Pretoria. Hakuna hata bingwa mmoja aliyekuwa mwenyeji. Wote watano walitoka kwao, wakalala hotelini, wakala chakula cha wengine, wakachukua kombe. Al Ahli Tripoli walikuwa kundi moja na Thunder pale pale Kigali.

Kwa hiyo swali si kwa nini ugenini ni kugumu. Swali ni kwa nini kwao unawezekana na kwetu bado.

Ligi inayolala kitandani kwake

Angalia orodha ya timu kubwa za kikapu Kenya. Thunder, Ulinzi Warriors, Equity Dumas, Strathmore Blades na timu nyingine za vyuo: karibu zote Nairobi au viunga vyake. Mchezaji wa Thunder anaweza kucheza wiki baada ya wiki bila kulala nje ya mji. "Ugenini" kwake ni matatu moja, au mbili kukiwa na mvua. Akimaliza mechi saa mbili usiku, saa nne yuko kwake anakula ugali aliouzoea.

KPA ya Mombasa ndiyo mfano wa upande wa pili. Wao kila baada ya muda wanafunga safari ya karibu kilomita 500 kuja Nairobi, na mara nyingi timu za nje zikija hupangiwa mechi mbili wikendi moja ili kupunguza gharama. Jumamosi unacheza, Jumapili miguu ikiwa bado mizito unacheza tena, kisha usiku unarudi. Halafu sisi tunaangalia jedwali na kusema "KPA hawatabiriki, leo moto kesho barafu." Mzee, ungecheza wewe ratiba hiyo ungetabirika?

Hapo ndipo mambo mawili yanapokutana. Timu ya Nairobi haijifunzi kusafiri. Timu ya nje haipati kupumzika. Moja inaonekana imara kuliko ilivyo, nyingine inaonekana dhaifu kuliko ilivyo. Mwishoni mwa msimu tunampa kombe yule ambaye hajajaribiwa, tunamtuma Kigali, kisha tunashangaa.

Kushinda ligi bila kupoteza ni sifa. Lakini pia ni swali. Kama hakuna aliyekusukuma hadi robo ya nne, utajuaje benchi lako linaweza nini mambo yakichacha? Utajuaje nani hukosa mitupo ya adhabu ukumbi wote ukimzomea? Petro wanatoka Angola, ambako kuna Primeiro de Agosto na Interclube wanaowatafuta kila msimu. Al Ahly wana Zamalek na Al Ittihad ya Alexandria. Wao hufika BAL wakiwa wameshapigwa ngumi nyumbani. Thunder walifika wakiwa hawajakwaruzwa. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na ulimwengu siku hiyo ulivaa jezi ya APR.

Sisemi Thunder hawakufanya kazi. Tangu Twende Sports waingie, klabu hii iliyoanza miaka ya 1980 imekuwa na mpangilio ambao timu nyingi za Kenya huuota tu. Hawakujiandikia ratiba ya ligi. Waliikuta hivyo.

Morans nao hivyo hivyo

Ugonjwa huu hauko klabuni pekee. Timu ya taifa, Morans, nayo inao.

Februari 2021, Yaoundé, Cameroon. Kenya inacheza na Angola, taifa lenye mataji mengi kuliko yote katika AfroBasket. Sekunde zinaisha, Tylor Ongwae anarusha, mpira unaingia. 74-73. Kenya ikafuzu AfroBasket baada ya miaka 28, ikiongozwa na kocha Liz Mills kutoka Australia. Hiyo ilikuwa ugenini kabisa. Kwa hiyo usiniambie mguu wa Mkenya hauwezi kushinda nje.

Halafu Kigali, miezi michache baadaye, kwenye AfroBasket yenyewe. Tunapigwa na Côte d'Ivoire na Nigeria, tunawafunga Mali, tunarudi nyumbani baada ya kulala 60-58 mbele ya Sudan Kusini. Vikapu vya pointi mbili tu. Mwaka haujaisha, kocha ameenda kwingine, tunaanza upya.

Hiyo ndiyo maana halisi ya kutotabirika. Tunaweza kupanda hadi juu kwa usiku mmoja. Kukaa huko ndiko hatuwezi, kwa sababu kukaa juu kunahitaji kambi, kocha anayebaki, na mechi ngumu za mara kwa mara. Usiku mmoja unahitaji Ongwae tu.

Sasa waangalie hao hao Sudan Kusini waliotutoa. Juba haikuwa hata na ukumbi wa ndani wa kimataifa wa kuchezea. Kila mechi yao ilikuwa ugenini. Mwaka wa 2023 wakacheza Kombe la Dunia, wakaichapa China, wakaichapa Angola, wakafuzu Olimpiki. Julai 2024 London wakakaribia kuiangusha Marekani ya LeBron James, wakalala 101-100. Paris wakaifunga Puerto Rico 90-79. Miaka mitatu tu baada ya zile pointi mbili.

Walikuwa na nini? Walikuwa na Luol Deng, mchezaji wa zamani wa NBA, aliyebeba shirikisho lao na kuweka hata pesa zake. Walikuwa na kocha Royal Ivey aliyekaa. Na walikuwa na vijana waliotawanyika kwenye ligi ngumu za dunia, watu ambao kila wiki wako ugenini. Kwao kusafiri ni maisha ya kawaida, si tukio.

Sasa njoo Bura

Bura ninayosema ni yetu ya Fafi, Kaunti ya Garissa. Si ile ya ng'ambo ya Mto Tana yenye skimu ya umwagiliaji, wala ile ya Taita. Hata jina tunagawana na wengine.

Katika Ligi Kuu ya KBF hakuna timu ya Garissa, hakuna ya Wajir, hakuna ya Mandera. Kaunti tatu, vijana wengi kuliko wazee, sufuri. Kijana wa huku anayependa kikapu anawafuata Thunder kwa simu, bando likikubali. Na akibahatika kuvaa jezi ya shule, kila mashindano makubwa ni safari. Timu inafika ikiwa imekula vumbi na lami kwa mamia ya kilomita, inacheza kesho yake asubuhi, inapigwa, na mtu wa kamati anasema kwa upole, "Hawana uzoefu."

Uzoefu hauuzwi dukani. Unapatikana kwa kucheza na waliokuzidi, na waliotuzidi hawaji.

Piga hesabu ya timu ya Garissa inayotaka kuingia ligi ya kitaifa. Garissa hadi Nairobi ni kama kilomita 370. Safari 10 za kwenda na kurudi kwa msimu ni zaidi ya kilomita 7,000. Wachezaji 12, kocha, msaidizi na mtu wa huduma ya kwanza ni watu 15. Usiku mbili kwa kila safari ni vitanda 30. Zidisha kwa 10, ni vitanda 300, na bado hujanunua chakula wala mpira. Timu ya Nairobi inayocheza mechi hizo hizo inalipa nauli ya matatu. Halafu tunaziita zote mbili "timu za ligi moja".

Na hiyo ni hesabu ya kiangazi. Mvua za El Niño za mwishoni mwa 2023 zilipokuja, maji yaliikata barabara ya Garissa kwenda Nairobi, na huku chini kwetu kukawa kisiwa. Ratiba haikungoji hadi maji yashuke.

Kwa hiyo Thunder na kijana wa Bura wana tatizo moja, kila mmoja ameshika upande wake wa kamba. Yeye haendi ugenini, sisi hatupati nyumbani.

Nyumbani kuna nguvu, tusidanganyane

Kuna mtu atauliza: kama mabingwa wa BAL wote hushinda ugenini, nyumbani kuna faida gani basi?

Kuna faida kubwa, hasa kwa anayeanza. Kenya ilifanya vizuri zaidi kwenye AfroBasket mwaka wa 1993, ilipomaliza ya nne. Ilichezwa wapi? Nairobi. Somalia ilishinda medali ya shaba ya Afrika mwaka wa 1981. Ilichezwa wapi? Mogadishu. Wazee wa huku bado wanaweza kukusimulia enzi za Mogadishu hiyo, kabla vita havijaifunga.

Kwenye soka ni hivyo hivyo. Oktoba 2024 viwanja vyetu vilikuwa vimefungwa kwa ukarabati, Harambee Stars "wakawakaribisha" Cameroon mjini Kampala, wakalala 1-0. Agosti 2025, kwenye CHAN, wakiwa Kasarani na watu wao, wakaifunga Morocco 1-0 huku wakicheza wachezaji 10. Morocco hao hao ndio walioondoka na kombe.

Nyumbani ndiko unakojifunza kuamini. Ugenini ndiko unakothibitisha. Timu inahitaji vyote viwili, na ligi ndiyo inayopaswa kuvigawa. Yetu imewapa wengine nyumbani tu na wengine ugenini tu, na wengine kama sisi haijawapa chochote.

"Lakini usalama"

Najua neno linalofuata. Ukisema Garissa, mtu anasema usalama. Sitalicheka. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi wa rika letu. Hakuna mtu wa huku anayehitaji kukumbushwa.

Lakini chuo hicho kilifunguliwa tena Januari 2016. Wanafunzi walirudi, wahadhiri walirudi. Mabasi ya Nairobi yanaingia na kutoka kila siku. Wanasiasa wanakuja wakati wa kampeni na wanajaza uwanja. Kama mji unaweza kubeba mkutano wa siasa wa watu maelfu, unaweza kubeba mechi nne za kikapu wikendi moja zenye polisi langoni.

Joto? Kweli, saa nane mchana hapa hata mbuzi wanatafuta kivuli. Basi chezeni usiku. Mashindano ya usiku wakati wa Ramadhan si kitu kigeni kwetu. Watu hutoka tarawehe wakaja uwanjani na familia. Ukumbi? Taa nzuri, sakafu ya zege iliyosawazishwa, pete mbili zisizopinda na viti vya kukodi vinatosha kuanzia. Nani alipe? Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imeweka michezo na vifaa vyake mikononi mwa kaunti. Na serikali kuu ina Hazina ya Michezo. Hiyo pesa si ya kusafirisha wakubwa kwenda kutazama tu.

Nini kifanyike

Sidai Garissa ipewe timu ya Ligi Kuu kesho. Wallahi tungepigwa 120-40 na ingekuwa haki yetu. Nadai vitu vitatu vinavyowezekana.

Kwanza, KBF wachukue raundi mbili au tatu za msimu wazipeleke nje ya Nairobi na Mombasa: Garissa, Kisumu, Eldoret, Nakuru, Meru. Timu nne zinafika Ijumaa, zinacheza Jumamosi na Jumapili, zinarudi. Thunder walale kitanda wasichokijua, wacheze kwenye sakafu wasiyoizoea, mbele ya watu wanaotaka waanguke. Hayo ni mazoezi ya Kigali kwa bei ya basi.

Pili, gharama za safari ziingie kwenye kapu moja la ligi. Timu zote zichangie sawa, anayesafiri mbali alipiwe kutoka humo. Hapo ndipo jedwali litaanza kusema ukweli kuhusu nani anajua mpira na nani ana bahati ya anwani.

Tatu, wikendi hiyo ya Garissa ifunguliwe na mechi za shule za hapa: Fafi, Dadaab, Lagdera, Balambala, Ijara. Mtoto acheze saa kumi na moja jioni kwenye sakafu ile ile watakayocheza mabingwa saa mbili usiku. Hapo "uzoefu" utaanza kuwa kitu cha kushika, si neno la kumfariji aliyeshindwa.

Thunder watarudi BAL, au timu nyingine ya Kenya itakwenda badala yao, na tutakesha tena na simu mkononi. Tunaweza kungoja muujiza mwingine wa sekunde ya mwisho kama ule wa Yaoundé. Au tunaweza kuanza na kitu kidogo kinachoandikwa na karani kwa kompyuta ofisini.

KBF wakitoa ratiba ya msimu ujao, usikimbilie kuangalia nani anacheza na nani. Angalia wanachezea wapi.